Nauza baiskeli ya mlima ya titani, fremu ya oda (Arusha): kosoeni tangazo kabla sijalitupia sokoni

Mteremko29
Wakuu, salamu. Tangazo lenyewe ni hili, lipigeni msasa:

"Baiskeli ya mlima ya titani, imeundwa Marekani kwa oda maalumu. Saizi L. Haishiki kutu, haivunjiki, ni ya maisha. Foki mm 120, gia 12, breki za haidroliki, siti ya kushuka kwa kitufe. Risiti zikijumlishwa ni milioni 18. Bei milioni 13, maongezi yapo."

Fremu ni aloi ya 3Al-2.5V, magurudumu ya inchi 29, nyuma ekseli 148×12, bomba la krenki (linaloshika ekseli ya pedali) ni la nyuzi, aina ya BSA, upana mm 73. Haina shokabu ya nyuma. Maswali matatu: niuze nzima au niivunje vipande? Milioni 13 ni nyingi? Na je, niipeleke Nairobi?

fundi_spoku
Mkuu, anza kwa kufuta "haivunjiki". Anayeijua titani akisoma hivyo anafunga ukurasa. Titani haioti kutu, lakini huchoka kama metali nyingine, na ikichoka hupasuka kando ya mshono wa kuchomelea.

La pili ni "Saizi L". Fremu ya oda haina L. Ni kama suti ya kushonesha: fundi alipima mabega ya mtu mmoja, sasa unatafuta mwenye mabega hayo hayo. Neno "oda" unaliona linapandisha bei, ila kwa mnunuzi linashusha, mpaka umwonyeshe namba zinazomkaa. Toa hizi: richi (umbali wa mlalo kutoka krenki hadi shingo), staki (urefu wa wima kati ya hizo mbili), pembe ya shingo, pembe ya siti, urefu wa fito za chini za nyuma (kutoka krenki hadi ekseli ya nyuma), kipenyo cha siti posti, aina ya bomba la shingo (linaloshika foki), na upana wa tairi linaloingia nyuma.

Kama huna mchoro wa fremu, pima hivi. Iweke sakafu tambarare, gurudumu la mbele liguse ukuta, baiskeli isimame wima. Pima kwa mlalo kutoka ukutani hadi katikati ya krenki, kisha kutoka ukutani hadi katikati ya mdomo wa juu wa bomba la shingo. Tofauti ya hizo mbili ni richi. Staki: urefu kutoka sakafuni hadi mdomo huo huo, toa urefu kutoka sakafuni hadi katikati ya krenki. Tumia timazi, usikisie kwa jicho. Usiibonyeze foki wakati wa kupima, na hakikisha ina upepo wake wa kawaida.

Taja pia uzito wa mtu aliyeundiwa. Wauzaji wengi hulificha hili. Fundi wa oda huchagua kipenyo na unene wa mabomba kwa kuangalia uzito wa mwendeshaji. Fremu ya mtu wa kilo 60 akipanda wa kilo 95 itanesa kwenye kona, na mshono utakula mzigo ambao haukuhesabiwa.

Mteremko29
Mchoro nimeupata kwa mtengenezaji, nimemwandikia barua pepe nikampa namba ya fremu. Urefu wote ni kwa mm: richi 455, staki 635, shingo digrii 67 kwa foki ya 120, siti digrii 74.5, fito za chini 430, bomba la shingo mm 44 lililonyooka, siti posti 31.6. Tairi hadi 29×2.4. Mwendeshaji kwenye oda: kilo 74.

Karura_Mchana
Hapo sasa mtu anaweza kupiga hesabu. Staki 635 ukiigawa kwa tanjenti ya 74.5 unapata kama 176, jumlisha na richi, bomba la juu la mlalo ni 631. Weka hiyo 631 pia, maana wenye baiskeli za zamani bado wanafikiri kwa bomba la juu. Itamkaa mtu wa sentimita 176 hadi 184 hivi, kutegemea mikono na urefu wa stemu (kipande kinachoshika usukani).

Bomba la shingo la mm 44 lieleze kwa Kiswahili cha kawaida, kwa sababu mnunuzi atauliza kama foki ya kisasa yenye shina pana chini inaingia. Inaingia: kikombe cha juu kinazama ndani, cha chini kinakaa nje. Andika hivyo.

Na watakuuliza "naweza kuweka foki ya 140?" Jibu liwe tayari. Foki ikirefuka mm 20 shingo hulala karibu digrii moja, richi hupungua kama mm 10, na bomba la chini hupata nguvu kubwa zaidi pale linaposhikana na shingo. Kama mtengenezaji aliandika 120, sema 120. Usimruhusu mtu kwa mdomo wako.

Kuhusu Nairobi: soko lipo, watu wa Karura na wa Ngong wanajua titani ni nini. Lakini baiskeli iliyoundwa Marekani si bidhaa ya asili ya Jumuiya, kwa hiyo usidhani itapita Namanga bila swali la ushuru kwa sababu tu inatoka Tanzania. Waulize forodha kabla, si ukiwa kizuizini na boksi begani.

ChumaTitani
Mmeruka jambo kubwa. Kabla ya bei, kagua fremu, na uweke picha za ukaguzi. Mnunuzi wa titani iliyotumika ana hofu moja tu: ufa. Huku kwetu ufa ni mwisho wa fremu kwa vitendo. Welda wa mtaani mwenye mtungi wa agoni anaweza kuchomelea stenlesi vizuri sana na bado akaua titani, kwa sababu titani ikipata joto la digrii 400 na kitu huanza kunyonya oksijeni na nitrojeni, ikawa ngumu na yenye kukatika kama biskuti. Agoni lazima ifunike nje na ijae ndani ya bomba mpaka mshono upoe.

Kwa hiyo angalia rangi ya mishono. Fedha au manjano ya majani makavu ni sawa. Bluu, zambarau, kijivu chenye unga au weupe, hapo hewa iliingia. Kama rangi hiyo ipo kwenye mshono mmoja tu na mingine ni safi, mnunuzi atajua fremu imewahi kutengenezwa.

Ukaguzi: toa magurudumu, krenki na siti posti. Futa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa cheupe. Mulika tochi kwa ubavu, si kwa uso, ufa utoe kivuli. Sehemu za kutazama kwa lenzi ni shingo inapokutana na bomba la chini, upande wa chini. Bomba la siti linapokutana na la juu, na mkato wa klampu ya siti. Fito za chini nyuma ya krenki. Na kiti cha breki kwenye fito ya kushoto. Ufa hupenda kuanza milimita moja au mbili nje ya mshono, siyo juu ya mshono wenyewe.

Ukiona mstari unaotia shaka, nunua rangi ya kupenya, ile nyekundu ya mikebe wanayotumia welda wa mabomba na matanki. Safisha, puliza nyekundu, subiri dakika 10 hadi 20, futa kwa kitambaa chenye kisafishio (usipulizie kisafishio moja kwa moja, utaiosha hata ile iliyoingia ndani), kisha puliza ile nyeupe. Mkwaruzo hautoi kitu cha maana. Ufa unatema mstari mwekundu. Kipimo cha sumaku na unga wa chuma hakifanyi kazi hapa, titani haivutwi.

Halafu unyoofu. Funga uzi kwenye dropauti (mahali ekseli ya gurudumu inapokaa) ya kulia, uzungushe mbele ya bomba la shingo, urudi dropauti ya kushoto, uvute ukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti kila upande. Tofauti ya milimita moja hadi mbili haina neno. Ikizidi hapo, isemwe kwenye tangazo.

Mteremko29
Mishono safi, uzi umetoa tofauti ya milimita moja. Tatizo: siti posti haitoki. Ni ya kushuka (dropa), bomba lake la nje ni alumini.

JotoKali
Pasha moto kwa heatgun bomba la siti, litatanuka, posti itatoka kama siagi. Kwenye fremu za chuma inafanya kazi kila mara.

fundi_spoku
JotoKali, kwa titani hiyo ni kinyume. Alumini hutanuka karibu mara mbili na nusu zaidi ya titani kwa joto lile lile: takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii, titani takriban 8.6. Ukipasha vyote, posti ya ndani inavimba kuliko bomba la nje, unazidi kuikaza. Hapa dawa ni baridi.

Mteremko29, usianze na nguvu. Dropa mara nyingine haijagandishwa na kitu, imeshikwa na kebo yake. Legeza klampu kabisa, fungua kebo upande wa usukani, isukume ndani huku ukivuta posti. Kama haichezi hata nusu milimita wala haizunguki, basi ni kutu ya alumini: titani na alumini zikigusana penye unyevu wa chumvi (jasho, maji ya bahari kwa watu wa Dar na Tanga), alumini ndiyo inayoliwa, na ule unga mweupe wake unachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa. Unajaza pengo.

Fanya hivi. Ng'oa krenki na vikombe vyake (cha kulia kinafunguka kwa kuzungusha kisaa, nyuzi zake ni za kinyume). Pindua baiskeli, mimina mafuta ya kupenya kupitia bomba la krenki yashuke hadi chini ya posti, na mengine kwenye mdomo wa klampu. Acha usiku kucha, rudia siku mbili au tatu, ukigonga siti kwa nyundo ya mpira kushoto na kulia. Kisha zungusha kwa kushika siti, mtu mwingine ashike fremu kwa magurudumu. Mgando huvunjwa kwa kuzungusha, kuvuta kunakuja baadaye. Ikigoma, funika sehemu ya posti iliyo nje kwa barafu kavu ndani ya kitambaa, dakika kadhaa, vaa glavu nene, chumba kiwe wazi. Sili za dropa zinaweza kufa kwa baridi hiyo. Kubali. Posti inanunulika, fremu haipatikani Kariakoo.

Usibane fremu kwenye jiliwa, mabomba yana ukuta mwembamba yatabonyea. Na atakayekuja na ushauri wa kostiki soda: inakula alumini kweli, lakini inatoa haidrojeni inayolipuka na inaunguza macho. Si kazi ya barazani.

Ikitoka, safisha ndani kwa brashi ya nailoni, si ya chuma, pakaa grisi ya shaba kabla ya kurudisha. Angekuwa mtu wa posti ya kaboni, tungesema losheni ya kaboni yenye chembechembe badala ya grisi, na hapo hakuna cha kuliana.

JotoKali
Nimekubali kofi. Baridi basi.

Dada_Gia
Tukirudi kwenye bei. Milioni 13 inatokana na risiti, na risiti ni historia yako, haimhusu mnunuzi. Weka mgawanyo tuone.

Mteremko29
Kwa milioni: fremu 9.5 (nauli na ushuru ndani), magurudumu 2.6, foki 2.2, gia na krenki 1.9, breki 0.9, dropa 0.7, usukani na vidogo 0.2.

Dada_Gia
Nauli na ushuru wa fremu unaweza kuvitetea kidogo, maana anayeagiza mpya atavilipa pia. Lakini dari yako haiwekwi na fremu ya Marekani. Inawekwa na karakana za China zinazochomelea titani kwa mchoro wa mteja, fremu moja moja, kwa bei ya chini sana kuliko Moots au Seven za Marekani. Mtu mwenye milioni 9 anaweza kujiundia vipimo vyake mwenyewe. Kwa nini avae vyako? Jibu pekee ni bei, na kwamba ipo leo, aijaribu leo.

Dhamana nayo haimfuati mnunuzi. Watengenezaji wengi humlinda mmiliki wa kwanza tu, kwa hiyo "dhamana ya maisha" usiiandike.

Mimi ningeweka fremu 4.5 hadi 4.8, foki 0.9, magurudumu 1.2, gia na krenki 0.8, breki 0.4, dropa kama imepona 0.2. Nzima ianze 7.8, na uwe tayari kuishia 7. Na iandike kwa shilingi hivyo hivyo. Kanuni za 2025 zimekataza kutaja bei ya mauzo ya ndani kwa dola, mazoea ya wauzaji wa Arusha yasikuponze.

Karura_Mchana
Hapo kwa kuuza nzima tunatofautiana. Mnunuzi wa titani huwa tayari ana magurudumu na breki anazozipenda. Vunja vipande, fremu iende na hedseti (beringi za shingo), vikombe vya krenki, ekseli ya nyuma na klampu ya siti. Mengine yauzwe kwa watu wa fremu za alumini.

Dada_Gia
Kuvunja vipande kwa Nairobi, ndiyo. Arusha na Moshi utauza magurudumu wiki ya kwanza kisha fremu ikae ukutani mwaka mzima, kwa kuwa mnunuzi hana pa kununua vya kuijazia. Na fremu tupu haijaribiwi. Kwa fremu ya oda, kukaa juu yake dakika 20 ndiko kunakouza. Tangaza nzima, taja bei ya fremu peke yake chini, usivunje mpaka mtu wa fremu awe amelipa.

ChumaTitani
Naungana na Dada. Ila vifaa navyo vipimwe kwa namba, maneno kama "hali nzuri" hayana maana. Mnyororo: pini ya kwanza hadi ya 25 mpya ni mm 304.8. Ikifika 306.3 badilisha, kwa gia 12 usisubiri zaidi, utaharibu kaseti (gia za nyuma). Diski za breki za Shimano mpya ni unene wa mm 1.8, mwisho 1.5, imechapwa kwenye diski yenyewe. Foki: pitisha kucha kwenye miguu yake inayong'aa, mkwaruzo unaokwamisha kucha utakula sili na mafuta yatavuja. Sema ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Dawa ya tubulesi (tairi zisizo na tyubu) hukauka miezi michache kwenye joto letu, weka mpya kabla mtu hajaja, tairi lililolala linaua biashara.

Usafi: fremu ya kusuguliwa kwa brashi, pitisha pedi ya nailoni ya kijivu kufuata mistari yake, kisha nta kidogo. Iliyopigwa mchanga usiiguse na pedi, itabaki na mabaka yanayong'aa. Waya wa chuma marufuku, chembe zake zinabaki kwenye titani na kuota kutu, mnunuzi ataona madoa ya kahawia kwenye "metali isiyoshika kutu". Kama kuna maandishi ya rangi ya anodaizi, hiyo si rangi ya kupakwa, ni unene wa oksidi tu. Ukisugua inaondoka.

Mteremko29
Posti imetoka siku ya tatu, kwa mafuta na kuzungusha, barafu haikuhitajika. Unga mweupe mwingi. Dropa inafanya kazi. Mnyororo 305.6, diski 1.7 zote mbili. Malipo na majaribio mnashaurije?

Dada_Gia
Ujumbe wa simu unaosema "umepokea" usiutegemee, hughushiwa. Angalia salio kwenye akaunti yako mwenyewe. Kwa kiasi hiki mkutane benki. Kabla ya kujaribu, achukuliwe picha ya kitambulisho na aache pesa au chombo chake cha maana. Kukuachia begi tu haitoshi.

Hati ya mauziano muisaini ofisi ya serikali ya mtaa, iwe na namba ya fremu, orodha ya vifaa, na maneno "imekaguliwa na mnunuzi". Namba ya fremu kwenye picha za mtandaoni funika tarakimu za mwisho, mtu asije akadai ni yake iliyoibwa. Mnunuzi akija ana kwa ana mwonyeshe yote.

fundi_spoku
Ikienda kwa basi: boksi la duka la baiskeli, pedali nje (ya kushoto nyuzi zake ni kinyume), kibadili gia kifunguliwe kwenye hanga (kipande kinachokishikiza kwenye fremu) na kifungwe ndani ya fito kwa kitambaa, diski zing'olewe kwenye magurudumu, kipande cha plastiki kati ya pedi za breki. Ekseli zirudi mahali pake, kwenye fremu na kwenye foki, ndizo zinazozuia dropauti kubonyea boksi likikaliwa. Povu la mabomba ya kiyoyozi linatosha kuvisha fremu yote.

Mteremko29
Toleo jipya:

"Baiskeli ya mlima ya titani 3Al-2.5V, magurudumu 29, imeundwa Marekani kwa vipimo vya mtu wa kilo 74. Richi 455, staki 635, bomba la juu la mlalo 631, shingo 67, siti 74.5, fito za chini 430. Foki mm 120, na hiyo ndiyo kikomo cha mtengenezaji. Bomba la shingo mm 44, inapokea foki ya shina pana chini. Krenki BSA 73, nyuma 148×12, siti posti 31.6, tairi hadi 2.4. Mishono imekaguliwa, picha zipo. Unyoofu: tofauti mm 1. Siti posti iliwahi kuganda, imetolewa na kupakwa grisi ya shaba. Mnyororo 305.6, diski 1.7. Dhamana ya mtengenezaji haihamishiki. Mchoro wa fremu anapewa mnunuzi. Shilingi milioni 7.8 nzima, fremu na hedseti milioni 4.7. Arusha, kujaribu ruksa."

Karura_Mchana
Hilo mtu anaweza kusafiria. Ongeza hali ya foki, umeisahau.

fundi_spoku
Na hanga ya akiba ya kibadili gia. Kama fremu inatumia hanga yake ya pekee na si ile ya UDH (hanga ya kawaida inayoingia fremu nyingi), agiza mbili sasa kwa mtengenezaji, uziweke kwenye picha. Hanga moja ikipinda Usa River, mnunuzi atakupigia wewe.